Kiatu cha Baniani: Ujirani wa Watu Wasiofanana katika Pwani ya Bagamoyo

(Matini ya hotuba ya mgeni mwalikwa, mwalimu mstaafu na mkazi wa Bagamoyo, katika kilele cha maadhimisho ya hekalu letu)



Nimeombwa nizungumze juu ya wingi wa tamaduni katika taifa moja na changamoto zake. Mada ni pana, na wako wasomi wa vyuo vikuu ambao wangeiweza kuliko mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyekwisha kustaafu. Nimefika asubuhi kwa basi kutoka Bagamoyo, kupitia Zinga, Kerege, Mapinga na Bunju, na njia nzima nilikuwa najiuliza niseme nini ambacho hamjakisikia katika hafla za namna hii. Kwa kawaida mgeni husimama, akasifu amani ya nchi yetu, akataja makabila yetu zaidi ya 120, akapigiwa makofi, akaketi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mwenyeji wangu aliniambia, "Mwalimu, safari hii sema lililomo moyoni." Basi nitajaribu, na nikiteleza ulimi mniwie radhi, maana mtu mzima haangushwi na jirani zake.

Naanza na methali. Kila aliyelelewa pwani anaijua, nanyi pia mnaijua, ingawa nadhani ni wachache waliothubutu kuitamka mbele yenu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nimeifundisha darasani miaka mingi. Maana yake, kama vitabu vinavyoeleza, ni kwamba hata mtu usiyempenda huenda akawa na jambo la kukufaa. Watoto waliiandika katika madaftari, wakaulizwa katika mitihani, wakapata alama zao. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao mtoto aliinua mkono akauliza: mwalimu, huyo Baniani ni nani, na ubaya wake ni upi? Nami sikujiuliza.

Baniani ni jina walilopewa wafanyabiashara Wahindu waliovuka bahari kutoka Kutch na Gujarat, nalo lina asili katika jina la tabaka la wachuuzi huko kwao. Walikuwako pwani hii kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwingereza. Tangu miaka ya 1830, na kwa sehemu kubwa ya karne ile, Masultani wa Unguja walikodisha ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa kampuni ya Kihindu ya Jairam Shivji. Pembe za ndovu zilizoshuka Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi, sandarusi iliyochimbwa na Wazaramo, vitambaa na shanga zilizopanda bara, vilipita chini ya kalamu ya karani wa forodha. Na mara nyingi karani huyo alikuwa Baniani. Msafara haukuondoka bila mkopo, na mkopo ulitoka dukani kwa Mhindi.

Wala tusiruke lililo zito. Katika mizigo ya misafara hiyo walikuwamo wanadamu. Wahindi, Wahindu kwa Waislamu, walikopesha. Waarabu na Waswahili waliongoza. Wakubwa wa bara waliuza. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza kule Unguja, Rigby, alipowaamuru Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Kiingereza wawaache huru watumwa wao, walioachwa huru walihesabiwa kwa maelfu. Sisemi haya ili kumtahayarisha mtu katika siku yake ya furaha. Ukoo wangu mwenyewe umo katika hesabu hiyo, na umo pande zote mbili, ya aliyeuza na ya aliyeuzwa. Ninalosema ni kwamba majirani wakingoja kwanza historia yao isafishwe ndipo waketi pamoja, hawataketi kamwe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mji wa Bagamoyo ulipata kuwa mji wa wageni kuliko wenyeji. Msimu wa misafara ulipofika, maelfu ya wapagazi walijaa humo. Je, uliwapokeaje? Kwa nionavyo mimi, pwani ilikuwa na milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni utani. Mnyamwezi aliyefika baada ya miezi ya kutembea hakuwa na ndugu mjini, ila alikuwa na mtani. Mzaramo angeweza kumtukana, kumnyang'anya kofia, kumcheka namna anavyoiogopa bahari; naye angejibu kwa tusi zito zaidi, na hapana aliyekasirika. Lakini mgeni huyo akifa ugenini, mtani yule yule ndiye aliyesimamia mazishi yake. Mimi sijaona katika vitabu vya siasa mpango uliotungwa kwa akili kuliko huu: watu wawili wenye sababu zote za kugombana wamepewa ruhusa ya kugombana kwa maneno, kisha wakafungwa kwa wajibu wa kaburi.

Mlango wa pili ni dini, na hapa Bagamoyo ina mfano usio na mwenzake. Mtoto mmoja alichukuliwa Manyema, mashariki mwa Kongo, akaletwa kwetu akiwa mtumwa. Ndiye Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alisoma, akafundisha, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wanazuoni walioheshimiwa mno katika pwani nzima. Hapana aliyemwambia arudi Manyema. Mpaka leo maulidi ya Bagamoyo huwaleta watu kutoka mikoa ya mbali.

Mlango wa tatu ni ndoa, na huo hauhitaji maelezo. Tazameni nyuso zetu.

Ndugu zangu, katika milango hiyo mitatu Mhindu hakupita hata mmoja. Sijapata kumwona Mzaramo na Mgujarati wakitaniana msibani. Hakusilimu. Hakuoa kwetu wala hakutuoza. Wa mwanzo walikuja peke yao, kwani mila ya koo zao haikuruhusu wanawake kuvushwa bahari. Na hakula kwetu. Sisi tuliona kiburi. Tulisema, mtu huyu anapokea fedha zetu kwa mkono wa kulia na kukataa wali wetu kwa mkono wa kushoto. Yeye, nadhani, aliona kwamba anatunza amana aliyoachiwa na wazazi wake, na kwamba akiilegeza siku moja tu, katika nchi ngeni, mjukuu wake hatakuwa na chochote cha kurithi.

Nimeufikiri mgogoro huu muda mrefu, na hapa ndipo nilipofika. Kumpokea mgeni ambaye amekubali kuwa kama wewe ni kazi nyepesi. Pwani tuliifanya kwa karne nyingi, na tunajisifu kwayo kwa haki. Kazi nzito ni kumpokea mtu anayetaka kuishi nawe miaka 150 na bado abaki alivyo. Kwa mtu huyo hatukuwa na mlango. Tulikuwa na meza ya duka tu: yeye upande ule, sisi upande huu.

Meza hiyo naijua. Nilipokuwa mdogo, babu yangu alinituma kila jioni kununua mafuta ya taa katika duka moja mtaa wa India, mjini kwetu. Mwenye duka tulimwita Bhai. Jina lake kamili nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Aliongea Kiswahili cha haraka kisichojali ngeli, na watoto tulimwigiza tukirudi nyumbani, tukacheka hadi mafuta yakamwagika. Nyuma ya meza palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia harufu ya bizari na sauti ya kengele ndogo wakati wa magharibi. Kwa miaka kumi nilifika kwenye meza ile, pazia sikuvuka. Lakini nataka kuwa mkweli kwa pande zote: naye Bhai, kwa miaka yote hiyo, hakuna mtu wa kwetu aliyemwambia, "Bhai, Jumapili njoo nyumbani." Babu alikuwa na hesabu yake pale. Minazi yake ilikuwa rehani. Hilo nitalirudia mwishoni.

Wako waliojaribu kutoboa mlango wa nne. Wa kwanza kumtaja ni Sewa Haji Paroo. Niseme kwa ajili ya vijana kwamba yeye alikuwa Mhindi lakini hakuwa Mhindu. Alikuwa Muislamu wa madhehebu ya Ismailia. Sisi huku mitaani tunavichanganya vitu hivi, tunamwita kila mtu Mhindi na kila Mhindi tunamdhania dini moja. Sewa Haji alizaliwa 1851, akatajirika Bagamoyo kwa kuwapatia wasafiri wa bara wapagazi na bidhaa. Mwaka 1892 alitoa jengo mjini petu liwe shule, na sharti lake lilikuwa kwamba shule hiyo ipokee watoto bila kubagua rangi wala dini. Alitoa pia fedha za hospitali ya Dar es Salaam, ya kutibu Waafrika na Wahindi, wakati Wazungu walikuwa na yao kando ya bahari. Alikufa 1897. Muhimbili leo lipo jengo la wodi lenye jina lake, na nimekwisha kuwasikia wagonjwa wakisema, "Nimelazwa Sewahaji," kama mtu anavyosema amelala Kibaha.

Sharti lile la mwaka 1892 halikudumu. Waingereza walipochukua nchi waligawa shule mafungu matatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Bagamoyo iliyokuwa imeonja shule ya pamoja ilirudishwa nyuma kwa miaka arobaini na zaidi. Hata kura waliigawa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, la sivyo kura yake iharibike. TANU ilikaribia kupasuka kwa ajili ya jambo hilo pale Tabora, Januari 1958, kabla ya kuamua kuingia katika uchaguzi huo. Na kilichokusudiwa kuwatenganisha watu kiliwalazimisha kuombana kura. Mwafrika wa bara ilimpasa amtafute Mhindi wa kumwamini, na Mhindi ilimpasa atoke nyuma ya meza.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili nani awe raia. Wako wabunge waliotaka uraia wa Mwafrika usiwe sawa na wa mtu wa rangi nyingine. Mwalimu Nyerere alikataa kwa hasira, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Sheria ikapita. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 13. Mwaka uliofuata shule za rangi zikafutwa, na kwa mara ya kwanza niliketi dawati moja na mtoto wa Kihindi. Tuligombania wino. Huo nao ulikuwa ujirani.

Nimefika kwenye sehemu niliyokuwa nikiiogopa tangu Mapinga.

Mwaka 1971 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo, nimejaa Azimio la Arusha. Nililiamini, na mambo mengi ndani yake nayaamini hata sasa. Aprili ya mwaka ule ilitungwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kisheria haikutaja rangi. Lakini miji yetu ilikuwa imejengwa kwa namna ambayo kila mtu alijua nyumba hizo nyingi ni za nani. Asubuhi moja nilikuwa nafundisha siasa, darasa la sita. Niliandika ubaoni neno BEPARI. Nikaeleza kwamba bepari ni mnyonyaji, anakula jasho la wengine. Kisha, kama tulivyofundishwa kwamba mwalimu mzuri hutoa mifano ya mazingira, nikauliza: "Nani anaweza kututajia bepari?"

Hakuna aliyejibu. Watoto wote, kama waliopangwa, waligeuza shingo wakamtazama binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa binti wa Bhai.

Sikusema neno. Ningeweza kusema, "Watoto, tazameni ubaoni." Ningeweza kusema kwamba baba wa yule binti aliwakopesha baba zao unga wa mwezi mzima. Niliendelea na somo. Wiki chache baadaye hakuja shuleni, na baada ya miezi familia ilihama. Bhai alikuwa na nyumba ya kupangisha hapa Dar es Salaam aliyoijenga na ndugu zake. Ilikwenda, nao wakaenda. Nasikia walifika Leicester. Siku waliyopakia vitu niliiona gari kutoka upande wa pili wa mtaa. Sikuvuka kwenda kuwaaga. Sikujua ningesema nini, na kijana wa TANU aliyeonekana akimuaga bepari angeulizwa.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba neno lile nililoliandika ubaoni lilitoka kwao. Kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, mtu anayenunua na kuuza. Tulilichukua, tukalifanya tusi, tukamrudishia mwenyewe. Na halikuja peke yake. Pesa, hundi, bima, gari, dobi, kachumbari, vyote tumevipata kwao. Hata ile laki moja iliyowekwa kuwa kipimo cha majengo ya kutaifishwa, hesabu yake tulifundishwa na Baniani.

Haki inataka niseme pia kwamba nchi yetu haikufanya yaliyofanyika Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 za kuondoka. Hapa hapana aliyefukuzwa kwa rangi yake. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza, alikuwa Waziri wa Fedha wakati ule ule ninaousimulia. Baada ya 1967 sensa zetu ziliacha kumuuliza mtu dini yake na kabila lake, na Katiba yetu ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu. Nchi ilifanya sehemu yake kubwa. Lakini sheria hukupa hati ya uraia. Haikuvushi pazia la mtu. Yule binti alikuwa raia siku ile darasani. Uraia wake haukuzigeuza zile shingo.

Nazo zimegeuka tena mara kadhaa tangu hapo. Vyama vingi viliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, majukwaani lilisikika neno gabacholi, na watu waliozaliwa Kisutu wakaambiwa warudi kwao. Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo. Sina ubishi na agizo hilo, kila nchi hulinda riziki ya watu wake. Ila siku ya pili yake, kijiweni kwetu, kijana mmoja alisema kwa furaha, "Sasa Wahindi watafunga." Nikamuuliza, Mhindi gani? Akanitajia mtu ambaye babu yake amezikwa, samahani, amechomwa, hapa hapa Tanzania. Agizo linasema raia, ila macho ya kijiweni yanasoma rangi. Tukiacha mambo yaende hivyo, ule ubishi wa Oktoba 1961 utakuwa umeshindwa kijiweni baada ya kushinda Bungeni.

Sasa na ninyi wenyeji wangu niwaambie, maana mmeniomba niseme. Nimelizunguka hekalu hili leo asubuhi kabla ya watu kujaa. Nimeona marumaru inayong'aa, nimeona maua. Nikajiuliza, ni Mwafrika gani anayelijua jengo hili kwa undani? Jibu ni mlinzi na mfagiaji. Wao wanajua taa huwashwa saa ngapi na kengele hulia kwa nini. Nilimuuliza mlinzi, akanieleza vizuri kuliko kitabu, lakini hapana aliyewahi kumweleza yeye; amejifunza kwa kutazama miaka kumi na moja. Watoto wa shule zilizo hatua chache kutoka hapa hupita nje ya ukuta huu kila siku. Wana hadithi zao kuhusu kilichomo ndani, na nyingine, nawahakikishieni, hazifai kusimuliwa mbele ya wageni. Ukuta unalinda amana, nalijua hilo. Lakini pia unaficha, na mtu akifichwa kitu hukijaza mwenyewe. Waleteni watoto hao. Si lazima iwe sikukuu. Jumatatu moja tu, mwalimu na wanafunzi arobaini, na mzee mmoja mwenye subira.

Nitoe pia ushuhuda wa jema nililolikuta leo. Chakula katika nchi hii ni jambo zito. Mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mabishano juu ya nani ana haki ya kuchinja yalifika hadi mchungaji mmoja akauawa. Muislamu huuliza nani kachinja. Mkristo naye huudhika kuulizwa. Mimi nilipokuja hapa nilikuwa na wasiwasi wangu wa kidini, nao sikuusema. Mwenyeji wangu aliuona. Kabla sijafungua kinywa alinichukua kando, akaniambia, "Mwalimu, hivi vya sahani hii vimetolewa mbele ya miungu, wewe usiguse, hatutakasirika. Vile vya meza ile vimepikwa kwa wageni, hakuna nyama, hakuna mafuta ya nyama, kula kwa amani." Nimekula dengu, chapati na bilinganya. Pembeni yangu alikuwa padri, na pembeni ya padri sheikh wangu kutoka Bagamoyo, na hapakuwa na aliyeuliza nani kachinja, kwa sababu hakuna aliyechinja. Kile kile tulichokiita kiburi cha Baniani miaka 150, kukataa nyama yetu, kimefanya meza hii kuwa pahala ambapo sote tumeweza kula. Hakuacha mila yake ili anikaribishe, wala hakunitaka niache yangu.

Nimalizie na ile rehani ya babu.

Babu yangu alifariki mwaka 1969. Katika sanduku lake tulikuta kopo la bati, na ndani ya kopo karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa wino mweusi, kwa Kigujarati cha mwandiko wa dukani. Chini pana alama ya dole gumba, nadhani ni la babu, maana hakujua kuandika kwa herufi hizo. Wakati wa Waingereza palikuwa na sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani bila kibali cha serikali. Walisema ni kwa kutulinda. Nayo ilitufungia mikopo ya kufungua maduka yetu wenyewe. Kwa hiyo karatasi hii, kama ni deni, haikuwa na nguvu mahakamani. Ilisimama juu ya kuaminiana kwa watu wawili ambao hawakupata kula pamoja. Na minazi haikuchukuliwa. Tumeivuna miaka yote, hakuna aliyekuja kuidai, na katika nyumba yetu hakuna awezaye kusoma kama deni lilikwisha au Bhai aliliacha alipoondoka.

Nimekuja nayo. Hii hapa. Namwomba mzee yeyote anayeujua mwandiko wa zamani anisomee baada ya hafla, pale kwenye benchi chini ya mwarobaini. Na kama yumo humu mwenye anwani ya Leicester ya ile familia, naomba anipatie. Ikiwa bado tunadaiwa, minazi sita iko hai. Na hata kama hatudaiwi, nina barua ya kumwandikia yule binti, ambaye sasa bila shaka ni bibi wa watu.